Siku Niliyokwenda Msiba wa Kidodi

Tarehe tisa Mei, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, Mwalimu Daudi alizikwa Munisagara, nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka relini. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kidodi, nimekaa kwenye mkeka, nikimlilia bibi mmoja ambaye sikupata kumwona hata siku moja akiwa hai.

Nimeanza na hilo ili asitokee mtu wa kusema nimelificha katikati. Ninyi walimu vijana mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, na nadhani mlitegemea kwamba mwalimu mstaafu aliyewahi kugombea ubunge atakuwa na mambo makubwa. Sina. Vyeo sitavitaja, havikunifundisha kitu. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaeleza habari za mto, daraja na watoto, halafu nitaeleza nilivyoingia kwenye siasa nikawa mtu wa aina ambayo darasani ningemsimamisha kwenye kona.

Elimu yangu ni kidato cha nne na miaka miwili ya chuo cha ualimu. Nilishuka stesheni ya Munisagara na sanduku la bati, godoro lililoviringishwa na barua ya kuripoti. Aliyenipokea alikuwa mwanamume mrefu, amevaa kaunda suti iliyopauka mabegani, filimbi shingoni.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya wa darasa la kwanza?"

"Ndiyo, mimi Naomi."

"Unajua kuhesabu?"

Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwamba hisabati nimefaulu.

"Sijauliza kufaulu. Nimeuliza kuhesabu. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi uje darajani."

Huyo ndiye Mwalimu Daudi. Shule ilikuwa upande mmoja wa mto na karibu nusu ya watoto walikaa upande wa pili. Wakati wa kiangazi walivuka kwa miguu, maji hayafiki magotini. Masika ikianza mto ule unakuwa tope linalokimbia na magogo ndani yake, na hapo njia ilibaki moja tu, daraja la reli. Halikujengwa kwa ajili ya watu. Unakanyaga taruma kwa taruma, zile mbao nene zinazobeba reli, na katikati ya taruma na taruma unayaona maji.

Alinionyesha kazi asubuhi ile ile. Kwanza unavuka peke yako kwenda kuwafuata. Unawapanga mstari mmoja, wakubwa mbele na nyuma, wadogo katikati. Unawahesabu. Kisha unachuchumaa na kuweka kiganja kwenye reli. Treni ikiwa inakuja, hata kama bado iko mbali, chuma kinatetemeka kidogo sana, na watoto hawavuki hata kama mvua inawapiga. Kiberenge cha mafundi wa reli ni chepesi, kiganja hakikisikii vizuri, kwa hiyo unatazama pia kwenye kona na kutega sikio. Ndipo unapuliza filimbi. Mwalimu anavuka wa mwisho. Mkifika, unawahesabu tena.

"Kwa nini mara mbili?" nikamuuliza. "Si ni walewale?"

"Ndicho unachotaka kujua," alisema.

Wiki ya tatu alishikwa na malaria, nikavusha peke yangu. Upande wa pili nilihesabu thelathini na wanne. Mvua ilikuwa inanyesha, kengele ilikuwa imegongwa, na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana mwalimu anayewahi. Badala ya kuvuka wa mwisho nikatangulia ili niwaongoze, na tulipofika sikuhesabu. Darasani nikaita majina. Msichana mmoja, Sikudhani, hakuitika. Nikamwekea alama ya hayupo, kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu Daudi alitokea dirishani amejifunika blanketi, anatetemeka kwa homa.

"Umevusha wangapi?"

"Thelathini na wanne."

"Na huku wamefika wangapi?"

Hakungoja jibu. Alikimbia na blanketi lake mabegani, nami nikamfuata. Sikudhani alikuwa katikati ya daraja amechuchumaa, ameishika reli kwa mikono miwili. Ndala yake ilikuwa imepita kwenye nafasi ya mataruma ikaenda na maji, akaitazama ikienda, na baada ya hapo hakuweza kuinuka. Treni ya mizigo kutoka Kilosa ilikuwa inapiga honi kwenye kona.

Pembeni mwa daraja lile kuna kijukwaa kidogo cha mbao, walichowekewa mafundi ili wajikinge. Mwalimu Daudi alimbandua yule mtoto kwenye reli, akaruka naye kijukwaani, akamkumbatia kifuani. Mabehewa yakapita, mengi, polepole, na mimi nimesimama ukingoni. Nilijikojolea. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alirudi amembeba Sikudhani mgongoni. Blanketi lilikuwa limekwenda na mto. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata barua ya kufukuzwa. Alisema hivi tu: "Kafute ile alama kwenye rejista. Mtoto yupo."

Tangu siku ile sijahesabu kitu mara moja tu, hata vitunguu.

Kila mwaka Mwalimu Daudi aliandika barua ya kuomba daraja la miguu. Aliandika kwa mkono, nakala akaweka kwenye jalada la rangi ya udongo, na majibu akayaweka humo humo. Majibu yote yalikuwa ndugu. Ombi lenu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Alikuwa akitusomea ofisini kwa sauti ya mtangazaji wa matangazo ya vifo redioni, sisi tunacheka mpaka chai inamwagika. Mwaka mmoja walikuja wakubwa kujionea. Walikuja mwezi wa kumi, mto umekauka, mbuzi wanapita. Mmoja wao alisimama na viatu vyake vinavyong'aa akauliza, "Sasa mto wenyewe uko wapi?" Wakala kuku, wakaondoka.

Baada ya miaka tisa nilihamishiwa Kidodi. Niliolewa huko na mkulima wa miwa, nikafundisha huko mpaka nikastaafu. Mengi ya Kidodi ni mahudhurio. Msimu wa kuvuna, malori ya miwa yanapita barabarani, na mtoto anayechomoa muwa kwenye lori linalotembea haji shuleni na akili ya kujumlisha. Madaftari yao yalikuwa yanagandana kwa utamu. Mume wangu alifariki miaka miwili kabla sijastaafu. Tulimzika bila hotuba, kama alivyotaka.

Nilipostaafu nilikwenda Munisagara kumsalimia Mwalimu Daudi. Yeye alikuwa amestaafu zamani, lakini kila masika alikuwa bado darajani na filimbi yake. Walimu wapya walikuja na kuhamishwa kabla hawajazoea kuishika reli. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho.

"Naomi," aliniambia, "jicho la kulia nalo limeanza. Mimi nikiondoka nani atahesabu?"

Nikamwambia nimefikiri sana. Barua zimeshindwa kwa sababu zinasomwa na watu wasiomjua Sikudhani. Nitakwenda mwenyewe Bungeni nikaseme. Viti maalum vya akina mama vipo, chama kinakaribia kupiga kura za maoni, na mimi nina muda.

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, nenda. Lakini ukilikosa daraja, usiniletee hadithi za Dodoma. Uje wewe mwenyewe."

"Nitakuja."

Siasa nilifundishwa na Mama Zuhura, muuza vitenge wa Kidodi, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amewafikisha wabunge watatu. Sikupata kumwona hata mmoja kati ya hao watatu akimpigia simu. Muda wa kuchukua fomu ulikuwa haujafika, kwa hiyo kwa kanuni sikuwa mgombea. Nilikuwa najipitisha. Hilo ndilo neno lao. Kwa kanuni ni marufuku, na kila mtu yumo.

Nilimweleza Mama Zuhura habari za mto. Nilikuwa na ramani niliyoichora kwenye karatasi ya manila.

"Kunja hiyo," alisema. "Hakuna mjumbe wa chama atakayekupa kura kwa ajili ya mto wa Munisagara. Kura, Mwalimu, ziko msibani. Mjumbe akifiwa, wewe uwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Harusi atasahau nani alikuja. Msiba hasahau."

Alikuwa na makundi ya simu kutoka Ruaha mpaka Kilosa mjini. Mtu alikuwa hajapoa, Mama Zuhura ameshajua ana undugu gani na mjumbe gani. Kila wiki tulikwenda misiba miwili, mitatu. Nilijifunza kuwatambua wenzangu waliokuwa wakijipitisha. Kitenge kipya, viatu vya gharama vilivyovuliwa mahali vinapoonekana, na jicho linalotafuta mjumbe amekaa wapi kabla ya kutafuta mfiwa. Mmoja wao alikuwa tayari mbunge wa viti maalum na alitaka kurudi. Sisi sote tulimwita Mheshimiwa, naye hakumzuia mtu. Alikuja na mpiga picha. Nimeona kwa macho yangu jeneza likingojeshwa ili mpiga picha abadilishe betri.

Mimi nilikuwa na tatizo. Kilio changu hakina sauti. Nimezika baba, mama na mume, na hakuna jirani aliyenisikia.

"Wewe msibani unakaa kama msimamizi wa mtihani," Mama Zuhura alinigombeza. "Watu watadhani umekuja kuona nani anaibia. Lia, mama! Toa sauti!"

"Simjui marehemu."

"Kwani yeye anakujua? Anayekujua ni mjumbe."

Hapa nafika kwenye jambo linalonitia haya kuliko kushindwa. Mwalimu akipewa kazi asiyoiweza, anaandaa somo. Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita, nikapiga mistari kwa rula, nikaanza kuandika andalio la kila msiba kama andalio la somo. Jina la marehemu. Undugu na mjumbe. Lengo kuu: wafiwa wafarijike. Lengo mahsusi: mjumbe anione. Zana: sukari, kanga mbili. Hatua za somo, kuanzia kushuka kwenye bodaboda mpaka kuosha vyombo. Na mwisho, tathmini. Daftari ninalo. Ukurasa wa msiba wa Mikumi, tathmini inasema, "Sikulia vya kutosha. Rudia." Nilirudia. Kufika mwezi wa nne nilikuwa naweza kulia kwa sauti tangu getini, na akina mama wananipokea kwapani kana kwamba nimefiwa mimi.

Ijumaa tarehe nane Mei, asubuhi, Mwalimu Shabani, kijana anayefundisha Munisagara, alinipigia simu. Mwalimu Daudi amefariki alfajiri. Alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu aende darajani. Mazishi kesho saa nane.

Nilikaa chini hapo hapo nilipokuwa. Mama Zuhura alikuwepo, tunapanga andalio la kesho. Mama mkwe wa mjumbe mmoja mzito wa Kidodi alikuwa amefariki, mazishi kesho saa nane vilevile.

"Pole, Mwalimu," alisema, na nadhani alimaanisha. Kisha akasema, "Munisagara kuna wajumbe wangapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Hakuna. Na hapa Kidodi kesho wanakuja sita, kwa pamoja, kwenye mkeka mmoja. Huyo mwalimu wako alikupenda, si ndiyo? Basi atakuelewa. Unakwenda kumtafutia daraja lake. Utakwenda kumwona Jumatatu, kaburi halihami."

Ningependa kuandika kwamba nilibishana naye. Sikubishana. Nilifikiri kwa muda wa kama kunywa chai kikombe kimoja, nikafungua daftari, nikapiga mistari.

Jumamosi nilifika kwenye msiba wa Kidodi, na nilipokaa tu kwenye mkeka kilio kilinitoka bila kukiita. Nililia mpaka akina mama wakanilegeza nguo na kunipepea. Nilikuwa namwona Mwalimu Daudi kijukwaani, mabehewa yanapita. Wajumbe wote sita walinitazama. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu ni ndugu wa marehemu?"

Tunaondoka, Mama Zuhura alinishika mkono akaninong'oneza, "Leo ndiyo umelia. Hivyo hivyo."

Jumatatu nilifika Munisagara. Nilipanda basi mpaka Mikumi, basi jingine mpaka Kilosa, kisha bodaboda, na njia nzima nilikuwa natunga cha kusema. Mke wa marehemu, Mama Agnesi, alikuwa amekaa barazani na kanga yake nyeusi.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Watu wameshatawanyika. Uji upo."

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilikunywa uji. Sijawahi kunywa kitu kigumu namna ile.

Mwalimu Shabani alinisindikiza kaburini, akanieleza mazishi. Watu walikuwa wengi mpaka wengine walisimama relini. Alikuwa amefundisha miaka arobaini na moja, na wanafunzi wake walikuja kutoka mkoa mzima, manesi, mafundi, wafanyabiashara. Wengi wa wanawake walikuwa wamevaa sare za chama. Wajumbe. Shabani aliwahesabu ishirini na zaidi. Mheshimiwa naye alikuja na mpiga picha wake, akapewa nafasi ya kutoa rambirambi, akaahidi mbele ya jeneza kwamba patajengwa daraja la miguu, nalo litaitwa Daraja la Mwalimu Daudi. Vigelegele vilipigwa kaburini.

Nitasema ukweli wa dakika ile. Nimesimama kwenye udongo mbichi wa mtu aliyenifundisha kazi, nimeambiwa wajumbe walikuwa ishirini na zaidi, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani si yeye. Kilikuwa kura. Nilimkasirikia Mama Zuhura kwa kukosea hesabu. Ilichukua muda, labda hatua kumi za kurudi nyumbani, ndipo nikajisikia ninavyonuka.

Fomu zilipotoka nilichukua, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mwalimu Daudi. Daftari la misiba nilikuwa nimeliacha. Mama Zuhura naye alikuwa ameniacha, anamfikisha mtu mwingine.

Siku ya kura tulikuwa ukumbini Morogoro. Kila mgombea alipewa dakika tatu za kujieleza na maswali mawili. Wenzangu waliimba. Mmoja alipiga magoti, akatambaa mpaka meza ya mbele, na kupigiwa makofi. Mimi nilifungua karatasi yangu ya manila nikaeleza mto uko wapi, shule iko wapi, na mataruma yameachana kiasi gani. Nilipoambiwa muda umekwisha nilikuwa bado sijafika kwenye kijukwaa.

Swali la kwanza liliulizwa na mwanamke mnene wa makamo, mjumbe kutoka Kilosa. Alisimama taratibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi naitwa Sikudhani. Nadhani unanikumbuka." Nilimkumbuka kabla hajamaliza jina. "Mwalimu Daudi alikuwa mwalimu wetu na mwalimu wako pia, wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia kwamba ndiye aliyekufundisha kazi. Tulimzika tarehe tisa Mei. Nilikutafuta kwa macho kaburini. Ulikuwa wapi?"

Majibu mazuri yalikuwepo. Kuumwa. Usafiri. Mvua ilikata barabara. Ukumbi mzima ulikuwa na wanawake waliowahi kuyatumia.

"Nilikuwa Kidodi," nikasema, "kwenye msiba wa mtu nisiyemjua. Nilifuata kura."

Sauti ya nyuma ikasema, "Basi leo nazo zikufuate, shoga!" na ukumbi ukaanguka kicheko. Walicheka kwa kupigana mabega. Hata Mheshimiwa alicheka, akiziba mdomo kwa leso, yeye aliyekuwa ameizunguka misiba mara mbili ya yangu. Sikudhani peke yake hakucheka. Alikaa.

Nilikuwa wa nane kati ya tisa. Wa tisa alikuwa ameshajitoa. Mheshimiwa alishinda.

Mlangoni Sikudhani alinifuata. "Mwalimu, mimi sikukupa."

"Najua, mwanangu. Ulifanya sawa."

"Nilikuja na nia ya kukupa," alisema, akaenda kupanda gari la Kilosa.

Mheshimiwa alitimiza ahadi yake kwa namna ya wenzake. Mwezi wa kumi, mto umekauka, lilikuja turubai, viti vya plastiki, spika na ngoma. Kitambaa kikavutwa, jiwe la msingi likaonekana, limejengewa kwa saruji, lina kibao cha marumaru na herufi za dhahabu. Jina la Mheshimiwa ni kubwa. Jina la Mwalimu Daudi linahitaji kuinama. Akasema daraja litakuwa la kisasa. Mama Agnesi alipewa kiti cha mbele na chupa ya maji. Turubai likakunjwa jioni ile, na mfuko wa pili wa saruji haujafika mpaka leo. Shabani ameandika barua kuuliza. Amejibiwa kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nimempa lile jalada la rangi ya udongo ayaweke majibu humo.

Nyumba ya Kidodi nimempangisha mwalimu. Ninakaa Munisagara, chumba cha uani kwa Mama Agnesi. Filimbi alinipa yeye, aliiweka tu karibu na kikombe changu.

Jana mvua ilikuwa kubwa. Saa kumi na mbili na nusu nilivuka kuwafuata. Niliwapanga, nikawahesabu, ishirini na saba. Nikachuchumaa, nikaweka kiganja kwenye reli, nayo ilikuwa inatetemeka. Simu ikaita mfukoni, nikaona jina la Mama Zuhura, nikairudisha. Tulingoja treni ya mizigo ikapita. Niligusa tena, chuma kimetulia. Nikatazama kona, nikapuliza. Walikwenda taruma kwa taruma, mimi nyuma. Upande wa shule waliofika kwanza walipanda juu ya jiwe la Mheshimiwa kukwepa matope, wakakaa hapo juu wakiwangoja wenzao, wanakung'uta ndala kwenye herufi za dhahabu.

"Bibi Mwalimu, twende, kengele imegongwa!"

"Kaeni hapo hapo," nikawaambia, nikahesabu. Ishirini na sita. Nikahesabu tena. Wa mwisho alikuwa nyuma ya jiwe, anafunga kamba ya kiatu. Ishirini na saba.